Mtarajali Mwenye Sifa

Haya yalitokea Tengemaa, nchi ambayo haipakani na ya kwako, haifanani na ya kwako, na viongozi wake hawajawahi kukutana na viongozi wako hata kwenye semina za kubadilishana uzoefu. Kwa hiyo soma kwa amani, kama wanavyoishi kwa amani wananchi wa Tengemaa, ambao amani wamepewa kwa sheria, na anayekutwa hana hutozwa faini.

Tengemaa ina sheria nyingi nzuri. Mojawapo inasema kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu lazima afanye utarajali, yaani akae ofisini miezi mitatu akijifunza kazi. Asiyepata ofisi ya kumpokea hadi tarehe thelathini ya mwezi wa sita, jina lake hufutwa chuoni, na barua ya kufutwa husomwa na mwenyekiti wa mtaa kwa kipaza sauti, mbele ya nyumba yao, saa nne asubuhi, watu wakiwa wanatoka sokoni. Serikali ilikuwa imefanya utafiti na kugundua kwamba aibu ni nyenzo ya bei nafuu.

Sikudhani Machupa alikuwa amebakiwa na siku sita.

Alikuwa anasomea shahada ya fedha, na GPA yake ilikuwa moja nukta tisa. Kule alama ya juu kabisa ni tano, kwa hiyo utaelewa kwa nini hakuwa akiitaja yake mbele za watu. Si kwamba alikuwa mzito wa kichwa. Akiwa mwaka wa pili, shangazi yake Mwanahawa, aliyemlea tangu mdogo, alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, na kibanda chake cha wakala wa fedha za simu kikabaki bila mtu. Sikudhani akaenda kukaa yeye. Mihadhara ya asubuhi ikampita, majaribio yakampita, na somo la Uhasibu wa Serikali akapata E. Baadaye alifanya sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya somo hilo, akatoka ndani ya chumba cha mtihani akiwa na matumaini. Lakini karatasi ilikuwa imekaa mwaka mzima kwa Daktari Mtalemwa bila kusahihishwa, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa daktari yuko semina.

Alikuwa amepeleka barua thelathini na moja. Benki moja ilimjibu kwamba imeguswa na ujasiri wake. Kampuni moja ya bima ilimrudishia barua yake ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nyingine zilinyamaza.

Halafu simu ikaita.

“Ni Sikudhani Machupa, GPA moja nukta tisa?”

“Ndiyo,” alijibu, akijiandaa kutukanwa.

“Hongera sana. Hapa ni Hazina Kuu ya Taifa. Njoo kesho saa tatu na matokeo yako yote, hasa yale mabaya.”

Shangazi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akijaribu kumenya chungwa kwa mkono mmoja. Alisikiliza habari ile mpaka mwisho.

“Hazina hiyohiyo inayotunza fedha za nchi?”

“Hiyohiyo, shangazi.”

“Na wamekuita wewe?” Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu aliyepewa noti mpya kupita kiasi. “Mwenzako mnayekaa naye chumba kimoja, mwenye nne nukta ngapi sijui, si walimkataa?”

“Walimkataa.”

“Haya. Nenda, mwanangu. Lakini fungua macho.”

* * *

Hazina Kuu ilikuwa jengo la ghorofa kumi na nane lenye lifti mbili, moja ya wakubwa na moja ya maonyesho. Sikudhani alipanda ngazi. Ukumbini alikuta vijana kumi na mmoja wamekaa wakingoja usaili, na ndani ya nusu saa alishuhudia mambo ambayo hakuyaelewa. Binti mmoja alitoka analia kwa sababu alikuwa na mbili nukta nne. Kijana mwingine alitoka ameinamisha kichwa, akanong’ona, “Wamesema nimezidi kidogo.”

Katibu Mkuu wa Hazina, Mheshimiwa Daktari Pazi Kitundu, aliendesha usaili mwenyewe. Msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa kwamba kiongozi mkubwa kiasi hicho aache shughuli za taifa ili amhoji mtarajali. Hiyo ndiyo tofauti ya Tengemaa. Viongozi wake hushuka.

“Uhasibu wa Serikali ulipata nini?” aliuliza.

“E, Mheshimiwa.”

Katibu Mkuu alifumba macho kama mtu aliyepitiwa na harufu ya pilau. “Rudia.”

“E.”

“Na huna rufaa? Huna malalamiko chuoni? Huna karatasi yoyote inayosubiri kusahihishwa?”

Sikudhani aliiona ile karatasi ya sapu, na mwandiko wake ulivyokuwa umelala vizuri siku ile. Kisha akamwona mwenyekiti wa mtaa anajaribu kipaza sauti mbele ya kiti cha plastiki cha shangazi. Kitu kilichokaa mwaka mzima kwenye droo, alijiambia, hakisubiri tena, kimeshakufa.

“Sina, Mheshimiwa.”

“Unaweza kusaini?”

“Kusaini nini?”

“Kusaini kwa ujumla.”

“Naweza.”

Katibu Mkuu alisimama, na wajumbe wake wawili wakasimama. “Binti,” alisema, “nchi hii imechoshwa na wasomi wanaojua. Wamejaa. Sisi tunatafuta vijana wenye nafasi kichwani, ambamo taifa litahifadhi mambo yake. Karibu Hazina.”

Wakampigia makofi. Sikudhani alitoka mle na barua ya kupokelewa akiwa haamini macho yake. Mwenyekiti wa mtaa alipopata habari alionekana mnyonge kidogo, maana alikuwa ameshanunua betri.

* * *

Alipewa ofisi yenye zulia, kiyoyozi na kibao mlangoni: *Kaimu Afisa Mwandamizi wa Uidhinishaji.* Alipewa gari la kumleta na kumrudisha, na dereva aitwaye Masanja, ambaye alikuwa mpole, hakuongea, wala hakumruhusu kushuka popote njiani. “Ni heshima tu, dada,” alisema.

Kila siku saa nne karani alileta majalada. Sikudhani alisaini. Wiki mbili za kwanza alisaini majalada kumi na saba, na kila saini ilipokelewa kwa tabasamu na kikombe cha chai. Aliona haya kuuliza maswali. Mtu mwenye moja nukta tisa akiuliza, alifikiri, atawakumbusha kwamba anayo.

Jumatatu ya wiki ya tatu, jalada lililoletwa lilikuwa nene, akashindwa kujizuia, akalisoma.

“Samahani, kaka,” alimwambia karani. “Tulishalipia Daraja la Utengamano, wilaya ya Mkavu. Sasa hili ni la nini?”

“Ni mwendelezo.”

“Lakini ramani iliyomo humu inaonyesha Mkavu hakuna mto.”

“Ndiyo maana kuna jalada hili la pili,” karani alisema kwa upole, akamfunulia ukurasa wa kwanza. Uliandikwa: *Mradi wa Kuleta Mto, Awamu ya Kwanza.*

“Na mto wenyewe uko wapi?”

“Uko njiani, dada. Saini hapa.”

“Nani aliidhinisha daraja?”

Karani alimtazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani. “Wewe. Wiki ya kwanza.”

Sikudhani alisema ataliacha jalada mezani alisome vizuri, na karani akaondoka bila tabasamu. Siku hiyo chai haikuja.

Kesho yake, Jumanne, Sikudhani alishuka masijala, chumba cha chini kabisa ambamo majalada yote ya jengo hutunzwa, atafute jalada halisi la lile daraja. Mtunza masijala alikuwa Bi Tausi, mama wa makamo anayefuma kitambaa cha meza bila kuangalia mikono yake. Alimwonyesha rafu kwa kidole cha mguu.

Katika kutafuta, Sikudhani akakuta safu ya majalada membamba yenye majina ya watu. Yalikuwa tisa. Kila moja liliandikwa *Mtarajali*, na kila moja lilikuwa na mhuri mwekundu: AMEWAJIBISHWA. La kumi lilikuwa jipya. Halikuwa na mhuri bado. Lilikuwa na jina lake.

“Bi Tausi,” alisema, na sauti haikutoka vizuri. “Hawa wako wapi?”

“Gerezani.”

“Wote?”

“Wote. Wanasema kule kuna maktaba nzuri.” Bi Tausi aliweka kitambaa pembeni. “Hukusoma Sheria ya Uwajibikaji wewe? Kifungu cha kumi na nne?”

“Sikusoma.”

“Hawasomi. Ndiyo maana huwachukua.” Akavuta kitabu chembamba kwenye droo, akamsomea taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa: upotevu wowote wa mali ya umma utahesabiwa umetokana na uelewa mdogo, uelewa utapimwa kwa GPA, hivyo mtumishi mwenye shahada, au anayeisomea, ambaye GPA yake ni ya chini kuliko wote ofisini siku Tume inapokaa, huyo ndiye aliyehusika.

“Tume inakaa lini?”

“Ijumaa.”

Sikudhani alikaa juu ya boksi la karatasi. “Nikiacha kazi leo?”

“Aliyeacha amekimbia, na aliyekimbia amekiri. Huyo wa nne alijaribu.”

Juu yao lifti ya maonyesho ilipanda ikiwa tupu.

“Je, GPA ikibadilika?” Sikudhani aliuliza.

Bi Tausi alifunua ukurasa mwingine, uliokuwa bado haujachafuliwa na vidole. “Kifungu cha kumi na tano. GPA ya mtajwa ikibadilika kwa barua yenye mhuri iliyopokelewa masijala kabla ya kikao, vyeti vya watumishi wote vitahakikiwa upya, na wa chini atatafutwa tena.” Alifunga kitabu. “Haijawahi kutokea.”

“Nikipata mbili nukta moja, nitakuwa juu ya nani?”

“Wadogo nawajua, wote wana mbili na nusu kwenda juu. Mimi nina mbili nukta tisa. Wakubwa wameandika kwenye rejista nne, nne, nne. Vyeti vyao viko kwenye kabati la chuma, na ufunguo anao Katibu Mkuu.”

“Kwa hiyo naweza kuhangaika kote huko na bado nikawa wa mwisho.”

“Unaweza,” alisema Bi Tausi, akachukua kitambaa chake.

* * *

Jumatano asubuhi Sikudhani alimwambia Masanja anaumwa tumbo na daktari wake yupo zahanati ya chuo. Hakudanganya sana. Masanja alipiga simu mahali, akasikiliza, akageuza gari.

“Dakika thelathini, dada. Nitakuwa mlangoni.”

Zahanati ya chuo ina mlango wa mbele na wa nyuma, na wa nyuma unatazamana na Kitivo cha Biashara. Sikudhani alipita katikati ya wagonjwa, akatokea upande wa pili, akapanda ngazi za kitivo mbili mbili. Mlango wa Daktari Mtalemwa ulikuwa na karatasi iliyosema *Yuko Semina*. Aligonga. Kimya. Akagonga tena, kisha akafungua.

Daktari alikuwa ndani, amekaa, anakula muhogo wa kukaanga.

“Niko semina,” alisema.

“Daktari, naitwa Sikudhani Machupa. Nilifanya sapu ya Uhasibu wa Serikali mwaka jana. Naomba uisahihishe.”

“Mwezi ujao.”

“Naomba sasa hivi. Niko Hazina Kuu. Nina moja nukta tisa. Tume inakaa keshokutwa.”

Muhogo ulisimama njiani. Daktari Mtalemwa alifuta vidole kimoja kimoja, akainuka, akaufunga mlango kwa ufunguo. Alikuwa mtu mnene anayependa kuzungumza kwa mafungu, *kwanza* na *pili*, lakini sasa hakuhesabu kitu.

“Hazina walinipigia simu mwezi wa tatu,” alisema. “Walisema kuna karatasi tatu nisiziharakishe. Waliniomba kwa heshima kabisa. Wiki iliyofuata nikateuliwa mjumbe wa bodi.”

“Kwa hiyo ulijua.”

“Sikuuliza.” Alitazama dirishani. “Mwaka juzi walimchukua Yusto Mdegela. Alikuwa anakaa mstari wa mbele, anauliza maswali mpaka kero. Karatasi yake nayo niliiweka. Sikujua ni ya nini, nikaiweka tu.”

Chini, honi ya gari ililia mara moja, fupi.

“Daktari,” Sikudhani alisema, “sikuombi uniongezee hata alama moja. Soma tu nilichoandika.”

Daktari akavuta droo ya chini kabisa, akatoa rundo, akapata karatasi, akatoa kalamu nyekundu. Swali la kwanza. Vema. La pili. Alikuna kidevu, akakata alama tatu, akarudisha moja. Honi ikalia tena, ndefu. Swali la tatu lilihusu namna ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kazi ambayo Sikudhani alikuwa ameifanya kibandani kila siku kwa miaka miwili, na hapo kalamu ilikimbia vema, vema, vema. La nne alikosa nusu nzima. Alitamani kumwambia asome tena, akajing’ata ulimi.

“Sitini na nne,” alisema Daktari Mtalemwa. “Ni B. Umeipata mwenyewe.” Akapiga hesabu pembeni ya karatasi. “Mbili nukta moja.”

Mtandao wa chuo ulikuwa haufanyi kazi. Aliandika barua kwa mkono, akatafuta mhuri, akaukuta umekauka, akautemea mate kidogo, akaugandamiza kwa uzito wake wote. Maandishi yalitoka hafifu, lakini yalisomeka.

Sikudhani alipotokea mlango wa mbele wa zahanati, Masanja alikuwa ameshashuka garini na alikuwa anamuuliza nesi.

“Umekawia, dada.”

“Foleni.”

Masanja alimtazama viatu, vilivyokuwa na vumbi jekundu la upande wa kitivo. Walipofika Hazina, Sikudhani alimwona kwenye kioo akipiga simu.

Alishuka masijala moja kwa moja. Bi Tausi aliipokea barua, akaishika mbali na macho.

“Mimi nina watoto wanne,” alisema.

“Najua, mama.”

“Siisomi hii. Kazi yangu ni kupokea. Karatasi ikija na mhuri, naipokea.” Akagonga IMEPOKELEWA, akaandika saa na namba kwenye rejista, akaifungia barua ndani ya jalada la kumi. Safari hii aliiangalia mikono yake ikifanya kazi.

* * *

Alhamisi Katibu Mkuu alimwita. Mezani kulikuwa na maua, maji ya chupa na karatasi moja.

“Binti yangu,” alisema, “nasikia jana ulikwenda hospitali ukarudi na alama.”

Sikudhani aliitazama ile karatasi mezani.

“Si kosa. Kijana yeyote anaweza kuteleza akafaulu. Lakini tufikirie taifa. Unadhani wale tisa waliteseka? Wale ni nguzo. Miaka mitatu tu, mtu anapumzika, anasoma, na akitoka tumemwahidi ajira. Wote tisa tumewaahidi.”

“Wametoka wangapi?”

“Mchakato unaendelea.” Alisukuma ile karatasi mbele. “Hili ni Tamko la Unyenyekevu. Unaikataa ile B kwa hiari yako. Saini, na shangazi yako atatibiwa kwenye hospitali yetu, ile ya ghorofani, mkono wake urudi.”

Hapo ndipo alipompata. Sikudhani alimwona shangazi na lile chungwa. Alishika kalamu. Aliishika vizuri kabisa, ncha ikagusa karatasi ikaacha nukta. Kisha akaigeuza karatasi ile upande wa pili, kwa mazoea tu, kama alivyogeuza noti za watu maelfu kwa maelfu pale dirishani. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo: *Anayesaini anakiri pia majalada yajayo.*

Akaweka kalamu chini.

“Naomba nikalisome nyumbani, Mheshimiwa.”

“Katika nyumba hii,” alisema Katibu Mkuu, na utamu wote ulikuwa umemtoka sautini, “tunasaini kwanza.”

“Basi sitasaini.”

Alimwacha atoke. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

* * *

Ijumaa ukumbi ulijaa. Tume iliongozwa na Jaji Mstaafu Hemedi Sempombe, mzee aliyestaafu mara nne kwa mafanikio makubwa. Wakurugenzi kumi na wawili walikaa mbele na suti zao. Askari wawili walikaa nyuma, karibu kabisa na kiti cha Sikudhani, na mmoja alikuwa na pingu mapajani kama mtu aliyepakata kitoweo.

Katibu Mkuu alihutubia saa nzima. Alieleza kwa uchungu jinsi daraja la Mkavu lilivyotoweka, na mto wake. Akasema vijana ndio wanaobeba nchi, na wakati mwingine nchi huwa nzito.

“Tume imeelewa,” alisema Jaji Sempombe. “Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, mwenye GPA ya chini asimame.”

Vichwa vyote viligeuka. Askari mwenye pingu akainuka nusu. Sikudhani alibaki amekaa. 

“Binti, unaitwa,” alisema Katibu Mkuu.

“Mheshimiwa Jaji,” Sikudhani alisema, “GPA yangu imebadilika. Ni mbili nukta moja. Naomba kifungu cha kumi na tano.”

Jaji alifunua kitabu chake, akatafuta ukurasa, ikabidi autenganishe kwa kisu cha kufungulia barua.

“Kipo,” alisema kwa mshangao. “Masijala, kuna barua iliyopokelewa?”

Bi Tausi alisimama pembeni ya mlango. Sikudhani alimtazama, na kwa sekunde kadhaa hakujua mama yule atasema nini.

“Ipo,” alisema Bi Tausi. “Imepokelewa Jumatano saa sita na dakika kumi.”

“Basi vyeti vyote vihakikiwe. Lifunguliwe kabati.”

Wakurugenzi watatu walishikwa na maumivu ya kichwa palepale. Mmoja alikumbuka msiba. Jaji akaamuru milango ifungwe. Katibu Mkuu alipapasa mifuko akasema ufunguo ameusahau nyumbani. Askari akavunja kufuli kwa kitako cha bunduki, akidhani anasaidia.

Bi Tausi akaanza kusoma. Jalada la Mkurugenzi wa Mipango lilikuwa na kadi ya harusi. La Mkurugenzi wa Ukaguzi lilikuwa na cheti cha kuogelea. Wawili walikuwa na vyeti halali, tatu nukta mbili na tatu nukta sita, nao wakapumua kwa sauti. Kila jalada lilipofunguliwa Sikudhani alishikilia kiti. Kadi ya harusi ina GPA ngapi? Hakuna aliyejua, na isiyojulikana si lazima iwe chini ya mbili nukta moja. Jalada la mwisho lilikuwa la Katibu Mkuu. Ndani kulikuwa na picha yake amevaa joho, ametabasamu, mbele ya pazia la studio.

“GPA ya picha ni ngapi?” aliuliza Jaji.

Katibu Mkuu alirekebisha tai yake.

Tume ilitoka kwenda kutafakari. Ilitafakari dakika arobaini. Sikudhani alizihesabu zote kwenye saa ya askari, maana mkono wenye pingu ulikuwa karibu na uso wake.

“Tume imejiridhisha,” alisoma Jaji Sempombe aliporudi, “kwamba jalada lisilo na GPA lina GPA ya sifuri. Hata hivyo, jalada si mtu. Jalada lilikuwa ndani ya kabati, na lilikuwa chini ya uangalizi wa kabati. Kabati hilo, kwa ushahidi uliopo, halijasoma chuo chochote. Kwa hiyo kabati ndilo lenye uelewa mdogo kuliko wote katika jengo hili, na ndilo lililohusika.”

Kabati likatiwa pingu kwenye vishikio na kupakiwa kwenye gari la polisi pamoja na vyeti vyote vilivyomo, na halikuonekana tena, wala vyeti. Katibu Mkuu alifuta machozi. Alisema alikuwa ameliamini kwa miaka mingi.

Watu walikuwa wanainuka Sikudhani aliponyoosha mkono.

“Mheshimiwa Jaji, na wale tisa?”

“Tisa gani?”

“Watarajali walio gerezani. Kama kosa ni la kabati…”

Jaji alimtazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuchoka kweli. “Binti, hao walishahukumiwa kwa utaratibu. Nenda nyumbani.”

* * *

Utarajali wake ulikatishwa jioni ileile. Katibu Mkuu alimwandikia barua ya tathmini kwa mkono wake, na ilikuwa fupi: *Hafai kwa utumishi wa fedha. Anasoma anachosaini.* Sikudhani aliipeleka chuoni akiwa na wasiwasi, lakini fomu ya chuo inauliza tu kama barua ya tathmini ipo, haiulizi inasema nini. Wakampa alama ya kufaulu.

Shangazi Mwanahawa aliisikiliza barua hiyo mara mbili, akacheka mpaka akashika mkono wake mbovu. Kisha akauliza: “Walikuahidi hospitali?”

“Waliniahidi.”

“Ungesaini ningekufukuza,” alisema, akageuza uso upande wa barabara, na Sikudhani akajua alikuwa anadanganya kidogo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kutembelea wafungwa. Sikudhani alipanga foleni kwenye geti la gereza akiwa na sabuni, sukari, kalamu mbili na fomu ya rufaa ya mtihani aliyoichukua kitivoni. Juu ya fomu alikuwa ameshajaza jina la somo na la mwalimu. Zamu yake ilipofika, askari alifungua daftari.

“Unamtaka nani?”

“Yusto Mdegela.”

“Wewe ni nani wake?”

Alifikiri. Hawakuwahi kuonana.

“Alinitangulia kazini,” alisema.

Askari alipitisha kidole kwenye orodha ya majibu yanayokubalika: mke, mume, mzazi, ndugu, wakili. Hakuona lake. Alimtazama yule binti, akatazama foleni ndefu nyuma yake, akaandika *ndugu*, akamfungulia.